UZI: Punda asiyeona vizuri anapoletwa kwenye makao ya wanyama, tuanzie wapi?

KwatoNne (mwanzisha uzi)

Wadau, uzi huu ni wa wanaotunza punda waliopumzishwa mizigo, hasa huku Sebei na Karamoja, Uganda, ambako punda ndiye gari la watu. Kuna punda jike anayeletwa kwenye makao upande wa Kapchorwa. Meno yanaonyesha miaka 12 au zaidi, uzito karibu kilo 160. Jicho la kushoto limekuwa jeupe lote. La kulia linaona mchana, lakini giza likianza kuingia anajikwaa. Siku za kwanza akae wapi? Uzio uweje? Ale nini, na achanganywe lini na wenzake? Tuandike kwa vipimo tafadhali, mtu akisoma aweze kuchukua nyundo na kuanza kazi.

Daktari wa Shamba

Ndugu KwatoNne, kabla ya nyundo kuna swali moja: hayo macho yanauma au hayaumi? Punda asiyeona anaweza kuishi vizuri miaka mingi. Punda mwenye jicho linalouma haishi vizuri hata siku moja, na wala hatakuonyesha. Punda huficha maumivu kuliko farasi. Atasimama kimya, masikio yamelegea kidogo, na watu watasema ametulia.

Angalia kope za juu, yaani zile nywele. Punda asiye na maumivu ana kope zinazotoka kando, karibu sambamba na ardhi. Zikiinama kuelekea chini, jicho linauma hata kama liko wazi. Dalili nyingine ni machozi yanayochora mstari kwenye manyoya ya shavu, kufumba kwenye jua, rangi ya samawati kwenye kioo cha jicho, na mboni iliyobana sana hata kivulini.

Baada ya hapo pima uoni, kila jicho peke yake. Ziba moja kwa kitambaa kilichokunjwa na kubanwa kwenye hatamu.

Kwanza sogeza kiganja ghafla kuelekea jicho, kama sentimita 20, ukiwa umetandaza vidole ili usisukume upepo. Ukigusa ndevu au kope, jaribio limeharibika, maana amepepesa kwa kuguswa. Pili, mulika tochi gizani uone kama mboni inabana. Mboni ikibana, haina maana kwamba anaona. Inaonyesha tu kwamba njia ya mwanga kutoka kwenye jicho inafanya kazi. Tatu, dondosha kibonge cha pamba mbele ya jicho, kutoka juu kwenda chini. Pamba haina sauti, kwa hiyo akiifuata kwa kichwa ameiona. Mwisho panga ndoo nne au tano za plastiki bila mpangilio, mpitishe kwa kamba iliyolegea, mara moja mchana na mara moja jioni. Hapo ndipo utajua jicho la kulia lina nguvu kiasi gani.

Jeupe lote linaweza kuwa kovu la kidonda cha zamani, au mtoto wa jicho, au ugonjwa wa ndani ya jicho unaorudi kila baada ya muda. Wa mwisho ndio wa kuogopa, kwa sababu unaweza kulifuata jicho la pili.

Mama Malisho

Daktari, na dawa za matone zinazouzwa madukani? Wengi wanaona jicho jekundu wanakimbilia tyubu yoyote.

Daktari wa Shamba

Mama Malisho, hapo macho mengi hupotea. Dawa yenye steroidi, kwa mfano deksamethasoni, ikiwekwa kwenye jicho lenye kidonda inafungua mlango kwa vijidudu, na kioo cha jicho kinaweza kutoboka. Soma boksi. Hakuna steroidi inayoingia kwenye jicho kabla daktari hajaweka rangi ya fluorisini. Kidonda kikiwepo, rangi hushika pale na kung'aa kijani.

Cha kuanzia, wakati unamsubiri daktari, ni kuosha kwa maji ya chumvi: lita moja ya maji yaliyochemka, gramu 9 za chumvi (karibu kijiko kimoja na nusu cha chai), yapoe kabisa. Marhamu ya tetrasaiklini ya macho ya asilimia 1 inapatikana kwa urahisi. Weka mstari wa sentimita moja ndani ya kope la chini, mara tatu au nne kwa siku. Mkono unaoshika tyubu uegemee mfupa wa shavu, ili punda akitikisa kichwa mkono uende naye. Mdomo wa tyubu usiguse jicho.

Atropini ni ya daktari tu. Inafungua mboni na kupunguza maumivu, lakini ikizidi inapunguza mwendo wa utumbo na tumbo linaweza kufunga. Dawa za maumivu pia zina tofauti yake: mwili wa punda huondoa fenilbutazoni haraka kuliko wa farasi, kwa hiyo ratiba ya farasi haimtoshi.

Fito na Misumari

Mimi nitasema ya uzio. Waya wa miiba usitumike hata mstari mmoja. Mnyama anayeona nusu huugundua kwa uso wake.

Nguzo za mkaratusi kila mita 2.5, zimezama sentimita 60. Fito tatu za mlalo: sentimita 40, 80 na 120 kutoka chini. Fito zipigiliwe upande wa ndani wa nguzo, siyo nje, ili akiegemea au akitembea kwa kufuata uzio bega lisigonge nguzo. Misumari ipinde kwa nje. Pembe za zizi ziwe na fito ya mshazari inayokata kona, kwa sababu punda asiyeona akiingia kwenye kona kali akashtuka hajui pa kugeukia, naye huanza kurusha mateke.

Chumba cha kwanza kiwe kidogo: mita 6 kwa 6 nje, na kibanda cha mita 3 kwa 4 kilichounganishwa. Mabati ya ukuta yasiishie na ncha wazi. Kunja, au piga ubao juu yake. Mlango upana mita 1.5 angalau. Mlango mwembamba ndio unaovunja nyonga.

Kitu kingine ambacho watu hawakifikirii: mwambie kwa miguu. Zungusha ukanda wa kokoto ndogo au murramu wenye upana wa mita 2 kando ya uzio wote, na kuzunguka kila mti ndani ya malisho. Mbele ya hori la maji weka mchanga. Baada ya muda mfupi kwato zitakuwa zinasoma ardhi: kokoto maana yake kuna kitu mbele, mchanga maana yake kuna maji.

Moroto Kwetu

Nyongeza kwa hili la uzio. Huku kwetu na hata kusini watu wengi wana ua wa mnyaa, ule wenye utomvu mweupe kama maziwa. Ung'oeni kabisa mahali atakapokaa. Utomvu ule ukiingia jichoni unaunguza kioo cha jicho, na punda asiyeona upande mmoja atajisugua pale bila kujua. Mkonge nao, ncha zake ziko usawa wa jicho la punda. Kata ncha zote au hamisha mmea.

Na kayukiyuki (lantana), ule wa maua ya rangi rangi unaoota kando ya njia, unaharibu ini na kufanya ngozi iungue kwa jua. Majani ya parachichi pia ni sumu kwake. Kwenye miteremko ya Elgon angalieni gugu la feni, linaota sana palipofyekwa msitu.

Mama Malisho

Chakula. Punda wa kilo 160 anahitaji kati ya asilimia 1.3 na 1.8 ya uzito wake kwa siku, ukihesabu chakula kikavu. Hiyo ni kilo 2.1 hadi 2.9. Si nyingi, na wengi wanaowahurumia wanyama huwanenepesha mpaka shingo inaota nundu. Kwa bahati nzuri Kapchorwa na Kween wanalima shayiri. Mabua ya shayiri ndiyo chakula bora cha punda: nyuzi nyingi, sukari kidogo. Yawe sehemu kubwa ya chakula, kilichobaki nyasi kavu nzuri. Matete mabichi yana maji mengi sana, kwa hiyo usidanganyike na ukubwa wa mzigo. Kilo 5 au 6 za matete ni kama kilo moja tu ya chakula kikavu.

Pumba ya mahindi tafadhali kidogo sana, au usimpe kabisa.

Daktari wa Shamba

Naunga mkono, lakini mabua ya shayiri yana ndevu. Ndevu zile zina vijimeno. Zikiingia chini ya kope hazitoki zenyewe, na zikichoma ufizi zinaacha kidonda. Kung'uta mabua kwenye turubai kwanza, chagua yaliyopurwa vizuri.

Na kamwe usitundike chakula juu. Chakula kilichowekwa usawa wa uso kinamwaga vumbi na mbegu machoni, na mabua marefu ya mahindi yanachoma jicho lililobaki. Beseni pana lenye ukingo mfupi, chini, mahali palepale kila siku. Mabua ya mahindi yakatwe vipande vya sentimita 5 hadi 10.

Mama Malisho

Hilo la ndevu ni kweli, asante daktari. Niongeze la chakula cha kuku. Baadhi ya vyakula vya kuku vinawekwa monensini au salinomaisini kuzuia ugonjwa wa kuhara damu. Kwa punda ni sumu ya moyo, kiasi kidogo kinaua. Gunia lisikae hata jirani na banda lake. Na beseni la kuku lisitumike kwake.

Daktari wa Shamba

Ukitaja sumu umenikumbusha josho. Mifugo mingi inachanganywa, na siku ya kupiga dawa ya kupe kila mnyama anapuliziwa. Amitrazi inayotumika kwa ng'ombe usimpulizie punda. Inasimamisha utumbo mkubwa, chakula kinakauka ndani, na tumbo linafunga. Kwa kupe wa punda ulizia dawa ya jamii ya pairethroidi, na umwambie muuzaji wazi kwamba ni ya punda.

Boda wa Mbale

Ndugu zangu, swali la usafiri. Anakuja kwa lori. Apangweje?

Fito na Misumari

Karatasi kwanza: barua ya mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) anakotoka, na kibali cha kusafirisha mifugo kutoka kwa afisa mifugo wa wilaya. Bila hivyo mtakaa kizuizini na mnyama juani.

Ndani ya lori, mchanga sentimita 5 hadi 8 juu ya sakafu, la sivyo anateleza. Mtengee sehemu yenye urefu wa mita 2 na upana wa sentimita 80 hadi 90, fito kifuani na fito nyuma. Jicho lisiloona lielekee ukutani, linaloona lielekee kwa mwenzake. Asifungwe kichwa kifupi. Anahitaji kushusha kichwa ili asiyumbe. Kupanda ni kwa kilima cha udongo au ngazi ya mbao yenye vijiti vya kuzuia kuteleza, na agusishwe kwato za mbele kwenye ubao mara kadhaa kabla ya kuambiwa apande. Mkimsukuma kwa nyuma kuelekea asichokiona mbele, ataruka.

Moroto Kwetu

Umesema "kwa mwenzake". Hili lisipite hivi hivi. Punda hufunga urafiki wa wawili wawili, na ukiwatenganisha yule anayebaki anaweza kuacha kula. Kama alikuwa na mwenzake kule alikotoka, waleteni wote wawili hata kama mwenzake ni mzima. Nasema hivi kwa sababu wanunuzi wa ngozi bado wanazunguka, ingawa Umoja wa Afrika ulikubali Februari 2024 kupiga marufuku uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi. Punda mzee mwenye jicho bovu, na rafiki yake aliyebaki, ndio huuzwa mwanzo.

Daktari wa Shamba

Kweli kabisa, na si huruma tu, ni tiba. Punda akiacha kula, mwili unavuta mafuta yake mwenyewe na kuyamwaga kwenye damu. Ini linazidiwa. Walio wanene, wenye mimba, wazee na waliohamishwa ghafla ndio huanguka haraka. Kwa hiyo punda ambaye hajala siku nzima si wa kusubiri kesho. Mwite daktari siku hiyohiyo. Pima kwa beseni: ulichoweka asubuhi, kilichobaki jioni, uandike. Kinyesi nacho kihesabiwe, maana mrundo ukipungua ndipo unajua kabla tumbo halijavimba.

Karantini iko palepale, wiki mbili hadi tatu mbali na punda wengine wa makao, lakini awe na mwenzake ndani ya karantini. Dawa ya minyoo ya kunywesha ivamektini, mg 0.2 kwa kilo, kwa kilo 160 ni mg 32. Hiyo pia inaua mabuu yanayoletwa na nzi kwenye kona ya jicho, yale yanayofanya kidonda chenye punje za njano kisichopona. Chanjo ya pepopunda sindano mbili, wiki 4 hadi 6 kati yake, maana punda ni mwepesi mno kupata ugonjwa huo na majeraha ya kujigonga hayatakosekana. Chanjo ya kichaa cha mbwa pia. Na kama upofu umekuja ghafla pamoja na kubadilika tabia au kushindwa kumeza, usitie mkono mdomoni.

KwatoNne

Wakuu mmenifungua macho. Mwenzake yupo, punda dume aliyehasiwa. Sasa siku ya kufika hasa, hatua zifuatane vipi? Na mtu ashike upande gani?

Fito na Misumari

Shusheni mchana, saa nne asubuhi hadi saa nane, siyo jioni, kwa ajili ya jicho la kulia. Msimtoe kwenye lori lenye giza moja kwa moja juani. Asimame mlangoni dakika chache, macho ya punda huchelewa kuzoea mwanga. Mwenzake atangulie, ana kengele shingoni. Mpelekeni moja kwa moja kwenye maji, aguse maji kwa midomo. Kisha chakula. Kisha mzungushe uzio mzima kwa kamba, kwanza kwa kufuata mwendo wa mishale ya saa, halafu kinyume chake. Kwa mnyama wa jicho moja hizo ni njia mbili tofauti kabisa. Rudia asubuhi na jioni mpaka aende bila kusita. Ndipo afunguliwe kamba.

Baada ya hapo hakuna kuhamisha kitu. Toroli, ndoo, jembe, pikipiki iliyoegeshwa, vyote viwe nje. Kitu kilichosogezwa mita moja ni ukuta mpya kwake.

Kushika: simama upande anaoona, upande wa kulia.

Moroto Kwetu

Hapo sikubaliani nawe, mzee. Ukimwongoza daima kutoka kulia, kushoto kunabaki shimo ambalo kila sauti inamtisha. Na akishtuka na kitu cha kushoto, anakimbilia kulia, yaani juu yako.

Daktari wa Shamba

Wote mna hoja, tofauti ni wakati. Mwanzoni kulia, mpaka aijue sauti yako. Kisha fundisha kushoto hatua kwa hatua: sema kwanza, subiri sikio ligeuke, weka mkono begani, usiuondoe, ukiuburuza taratibu hadi shingoni au nyonga. Mkono usiruke kutoka begani kwenda mguuni, hasa siku ya kukata kwato. Maneno machache yasiyobadilika yanatosha: "simama", "hatua" kabla ya kizingiti, "geuka". Watunzaji wote watumie yaleyale. Mmoja akisema Kiswahili, mwingine Kikupsabiny, punda atachanganyikiwa wiki nzima.

Kwato zenyewe kila wiki 6 hadi 10. Matope ya mlimani yanaozesha kwato, na manyoya ya punda hayazuii mvua, kwa hiyo kibanda si anasa.

Mama Malisho

Maji hatujayamaliza. Pipa la plastiki lililopasuliwa kwa urefu, lifungwe kwenye nguzo mbili ili lisihame, ukingo sentimita 50 hadi 60 kutoka chini. Jerikani lililokatwa lina makali kama wembe. Ukilazimika kulitumia, pasua mpira wa maji na uuvishe ukingo wote. Tenga lita 25 kwa kila punda kwa siku, hata kama hatamaliza. Maji yenye harufu hatayanywa, atakaa na kiu na tumbo litafunga, kwa hiyo osha pipa kila siku.

Boda wa Mbale

Na nzi? Karamoja nzi wanakaa machoni kama wamelipia.

Moroto Kwetu

Zoa kinyesi kila siku, kirundikwe mbali na banda, upande upepo unakoelekea. Kwenye hatamu funga nyuzi za katani au vipande vya kitambaa vya sentimita 12 hadi 15 vinavyoning'inia juu ya macho. Kinyago cha wavu kinafaa kama wavu unakaa mbali na kope, lakini jicho la kulia likiwa dhaifu, wavu mweusi unaweza kummalizia uoni uliobaki. Mwache kulia wazi, funika kushoto tu. Kivue kila jioni.

KwatoNne

Jicho la kushoto likionekana linauma na haliponi, ni lazima litolewe?

Daktari wa Shamba

Kama halioni na linauma, litolewe. Halimsaidii kitu, na maumivu yanamnyima hamu ya kula, ambayo kwa punda ni hatari nilizokwisha kuzieleza. Linatolewa akiwa amesimama, amepewa dawa ya kutuliza na ganzi kuzunguka jicho, au akiwa amelazwa, kulingana na daktari na vifaa. Kope zinashonwa pamoja, nyuzi hutolewa siku ya 10 hadi 14. Mwenzake awepo kabla na baada, ng'ambo ya fito. Chuo cha mifugo cha Makerere kina hospitali ya wanyama, afisa mifugo wa wilaya anaweza kuwasiliana nao.

Kama haliumi, liachwe, lioshwe tu na kuangaliwa kila siku.

Kwa jicho la kulia tengeneza kisanduku kikae bandani sasa hivi, siyo siku ya dharura: chumvi iliyopimwa gramu 9 kwa pakiti, tyubu mpya ya tetrasaiklini isiyo na steroidi, vipande vya rangi ya fluorisini, tochi ndogo, pamba, kitambaa cheusi cha kumkinga na jua, na namba ya daktari imeandikwa ndani ya kifuniko. Kope za kulia zikiinama, mpeleke kivulini, osha, piga simu. Hiyo ni kazi ya saa hiyohiyo.